Nyumba Juu ya Ubao

3 Februari

Mke wangu Sindano,

Maneno haya ni yangu, mkono ni wa Karani wa chuo, mzee anayenukia wino na karanga. Kwa hiyo yale ambayo mume humwambia mkewe utayajazia mwenyewe.

Nimefika. Chuo kiko juu ya kilima. Nasema kilima kwa sababu basi lilipanda kwa gia ya pili muda mrefu. Zaidi ya hapo sijui nilipo. Miaka ishirini na miwili nimeendesha lori na sikuwahi kuuliza njia mara mbili. Jana nilitoka kitandani kwenda msalani, mlango wa tano kushoto, nikaishia jikoni katikati ya wapishi. Walicheka kwa heshima, nami nikacheka. Kisha nikarudi kitandani nikajifunika shuka mpaka kichwani, kana kwamba kuna mwanga wa kuzuia.

Tuko wawili chumbani. Mwenzangu alikuwa seremala kabla macho hayajamtoka. Barua anazomwandikia mkewe zinarudi na mhuri wa posta: mpokeaji amehama. Tatu mpaka sasa. Anazilaza chini ya mto.

Daktari alishasema presha ya macho hairudishi ilichochukua. Sasa nifundishwe kutembea nina miaka arobaini na sita, ya nini? Njoo unichukue. Nitakaa pembeni nisikilize cherehani yako. Ikinyamaza nitajua umekwenda dukani, ikianza nitajua umerudi. Itanitosha.

Msalimie Mama. Usisahau kumpigia kelele sikio la kulia.

Mumeo,
Dereva


17 Februari

Dereva wangu,

Kwanza Karani, shikamoo, na pole kwa kazi ya kusoma ya watu.

Siji kukuchukua. Nimeliandika hilo mwanzo ili lipite, maana nimelifuta mara mbili na karatasi imeanza kutoboka. Unasema itakutosha kukaa unasikiliza cherehani. Mimi haitanitosha. Mimi nataka yule mtu aliyekuwa akiingia anapiga mlango teke kwa sababu mikono imejaa mizigo.

Kila asubuhi natoa vikombe vitatu. Naona kosa langu, narudisha kimoja, na kesho yake natoa vitatu tena.

Nimemsomea Mama barua yako kwa sauti ya mnada, jirani wote wameisikia. Anasema: “Mwambie kutembea alijifunza kwangu akiwa na miezi kumi na mmoja, na siku hizo alianguka vilevile, wala hakuomba kurudishwa tumboni.”

Nyumba ipo, mlango bado unakwaruza sakafu. Kuna kaneno kadogo na mwenye nyumba, kataisha. Barua endelea kuzituma kwa sanduku la posta la duka la vitambaa.

Wako,
Sindano


9 Machi

Mama,

Mimi ndiye mwalimu wa kutembea hapa chuoni; wanafunzi wananiita Mwalimu wa Fimbo. Mumeo hajui kama nakuandikia.

Kwa siku tisa alikataa kutoka kitandani. Sikumlaumu, nimewaona wengi. Siku ya kumi nilimletea ubao na udongo wa mfinyanzi, nikamwambia, “Nijengee kwako. Nami nataka kupajua.” Mchana niliporudi nilimkuta amekaa, amejenga kuta mbili na mlango, na ananigombeza kwamba udongo hautoshi.

Tangu siku hiyo anaamka kabla ya kengele. Kila tunachofanya, iwe kushika fimbo, kufuata ukuta au kusikiliza kona, anakipeleka kwenye ule ubao. Ameniambia atakaporudi atashuka kituoni peke yake na kugonga mlango wako bila kushikwa mkono. Ndiyo dawa pekee iliyomwingia.

Nakuomba upime kwa hatua za kawaida: kutoka kituo cha basi mpaka kona yenu, kutoka kona mpaka geti, kutoka mlango mpaka kitanda na bomba. Niletee mapema.

Mwalimu wa Fimbo


21 Machi

Mwalimu wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu nikiwa nimekalia gunia la nguo, kwa sababu viti bado hatujavifungua.

Nyumba haipo. Barabara kuu inapanuliwa. Walikuja mwezi uliopita wakapiga alama nyekundu ukutani, na mwenye nyumba akatuapia kwamba kwetu hawatafika. Jumatatu iliyopita tingatinga lilifika. Tulitoa cherehani, vitanda na masufuria. Mama mkwe wangu hasikii vizuri. Alikuwa chumbani anakunja shuka, hakujua kinachoendelea mpaka vumbi lilipoingia. Nilimtoa kwa kumvuta gauni.

Sasa tuko upande mwingine wa mji, chumba kimoja ghorofani, ngazi ya nje. Na kona, geti, kinyozi, ghala la jirani, vyote vimelazwa chini. Mtaa mzima, Mwalimu. Pamekuwa uwazi.

Hatua unazotaka ninazo kichwani, nilipita pale miaka kumi na minne. Nitakuandikia. Lakini nitamwambiaje kwamba anachokijenga kimebomolewa? Ndiyo kwanza ameamka kitandani. Niachie kwanza asimame vizuri. Nakupigia magoti.

Sindano, mkewe


1 Aprili

Mama,

Pole sana kwa yaliyowakuta. Hatua zimefika.

Sitamwambia, kwa sababu ni jambo la nyumba yenu. Ila sikuungi mkono. Asiyeona hapotei kwa sababu haoni. Nimewafundisha watu hawa miaka kumi na saba. Anapotea akiambiwa ukuta upo mahali ambapo haupo. Mwambie kabla mwezi wa tano haujaisha.

Mwalimu wa Fimbo


28 Aprili

Sindano wangu,

Shika herufi hizi uzipapase! Nimezipiga mwenyewe kwa mashine ya taipu ya chuo. Makosa yote ni mali yangu. Zako bado anazisoma Karani, hivyo wewe endelea na adabu, mimi nimeshaachiliwa.

Nimekukumbuka. Sikuweza kulisema hilo mbele ya mzee wa watu. Nakukumbuka mpaka nikisikia mtu anakata kitambaa nageuka. Uso wako ninao, lakini umesimama, kama picha ya kitambulisho. Ninachokitafuta ni unavyoonekana ukiwa na pini mdomoni na unataka kucheka.

Sasa nikwambie niliyojifunza. Ukuta una sauti. Ukipita karibu nao hewa inakuwa nzito sikioni, ukiisha sikio linafunguka, hapo ndipo kona ilipo. Jua la asubuhi likinipiga shavu la kulia, naelekea kaskazini. Barabara ikishuka, vidole vya miguu vinajua kabla ya mimi. Mwalimu anasema kuna kujua njia na kuna kujua mahali. Kujua njia ni kufuata alama moja baada ya nyingine, na ukikosa moja umekwisha. Kujua mahali ni kuwa na vyote kichwani jinsi vilivyokaa, ili hata ukitupwa katikati useme: kama mto uko hapa, basi nyumbani ni kule. Lori lilinifundisha hiyo ya pili, ila sikujua kama ina jina.

Kwetu nimepamaliza kwenye ubao. Nashuka kituoni, barabara inateremka. Hatua sitini nasikia redio ya kinyozi kulia. Arobaini zaidi, nguzo ya umeme inayovuma, nakata kushoto. Hapo ukuta wa ghala unaniongoza mpaka getini. Ghala hilo ndilo linalotuziba mashariki, na dirisha letu la pekee linatazama machweo. Ndiyo maana cherehani yako haijapata jua la asubuhi tangu tuhamie, na kila siku saa kumi jioni unalalamika mwanga unakuumiza. Hata hilo dirisha nimeliweka, nimelitoboa kwa kidole.

Niambie: redio ya kinyozi bado inakoroma? Nguzo bado inavuma? Na wewe, jioni unakaa wapi?

Wako mwenye vidole vya wino,
Dereva


12 Mei

Dereva wangu,

Nimezipapasa. Mama naye amezipapasa, akasema umeandika kwa msumari.

Redio ya kinyozi inakoroma kama zamani. Nguzo inavuma, hasa mvua ikinyesha. Kila kitu kipo ulipokiacha. Hatua zako ni sahihi kabisa, sina la kuongeza.

Ni asubuhi ninapoandika, chai haijapoa, na jua limejaa juu ya cherehani mpaka sindano inanimetea machoni, imenibidi nivute kiti nyuma. Nina magauni sita ya sare ya kumaliza. Nikichoka nafunga macho kidogo nijaribu kuona unavyoona. Nakuona wewe tu, basi nafumbua, kazi iendelee.

Fanya bidii. Ukija nitakuwa mlangoni.

Karani, samahani kwa hayo ya mwisho.

Wako,
Sindano


9 Juni

Dereva,

Hii ni barua ya tatu tangu ile ya mwezi wa tano, na hujajibu hata moja. Unaumwa? Mashine ya taipu imeharibika? Kama ni hivyo, muombe Karani, hata mistari miwili.

Mama ameacha kuuliza. Anakaa juu ya ngazi anatazama njia.

Kuna jambo nataka kukueleza, nilipaswa kulieleza zamani. Nijibu kwanza nijue u mzima.

Sindano


16 Juni

Mama,

Mumeo Jumamosi alfajiri aliomba ruhusa ya kwenda mjini na fimbo yake, kama wanafunzi wa hatua ya mwisho wanavyoruhusiwa. Alipanda basi la kwenu. Alirudi Jumapili mchana, suruali imechafuka lami mpaka magotini. Alichukua ule ubao, akaukandakanda udongo wote, kuta, mlango na dirisha, ukawa donge.

Nimemwambia kwamba nami nilijua. Ilinibidi. Amenisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama chakula cha mchana kimeisha.

Mwezi wa tano ulipoisha nilipaswa kukuandikia tena. Sikuandika. Alikuwa akitembea vizuri mno, nikaona nisiharibu. Kwa hiyo kosa hili tumegawana.

Mwalimu wa Fimbo


18 Juni

Sindano,

Barua yako ya Mei Karani aliisoma mara moja. Nilimwomba arudie mstari wa jua. Akarudia. Jua la asubuhi, juu ya cherehani. Nilikaa nao mstari huo wiki nzima. Jua haliwezi kupita ndani ya ghala. Basi cherehani haiko pale nilipoiweka. Wamehama, nikasema, na wameamua nisijue walipo.

Unajua nilikuwa nalala chumba kimoja na nani. Barua ya nne ya Seremala ilirudi juma hilohilo. Sikutaka kuuliza kwa barua kisha nikae nisubiri mhuri. Nilitaka nifike mwenyewe.

Kondakta alinishusha akasema hapa ndipo. Nikageuka upande wangu, nikaanza. Barabara haikuteremka. Ilikuwa bapa, imeshindiliwa, na lami ilinukia kama imetoka jikoni. Nikahesabu sitini, hakuna redio. Nikasema labda kinyozi hajafungua. Arobaini nyingine, hakuna nguzo. Nilikata kushoto hivyo hivyo, maana miguu ilishazoea kwenye ubao. Nikagonga chini kwa fimbo kusikiliza ghala. Sauti ilikwenda na haikurudi. Upepo ulinipiga pande zote. Miaka yangu yote ya lori, hata jangwani, sijawahi kuwa mahali ambapo si popote.

Mtu akanishika nyuma ya shati. Alikuwa mlinzi wa mitambo ya barabara.

“Mzee, unakwenda wapi katikati ya barabara?”

“Nakwenda kwangu.”

“Kwako wapi?”

“Hapa. Geti la bluu, nyumba ya pili baada ya kona.”

Akaniachia shati. Kisha akasema, “Hapa hapana nyumba, baba. Tulibomoa mwezi wa tatu.”

“Na fundi cherehani? Ana mama mtu mzima, hasikii vizuri.”

“Walipakia vitu kwenye mkokoteni. Wapi walikokwenda, kwa kweli sijui.”

Alinikalisha juu ya bomba la saruji, akanipa maji. Nikahesabu miezi. Mwezi wa tatu. Nilipokuwa napima kuta kwa vidole, nyumba ilikuwa imeshalala chini. Redio ya kinyozi niliyoiuliza mwezi wa nne, wewe ukaniambia inakoroma.

Nilikwenda na hofu kwamba mmenitupa. Sasa najua hamkunitupa. Mlinipa kitu cha kuchezea, kama mtoto anavyopewa kifuniko cha sufuria akishike kama usukani. Na sijui lipi linauma zaidi.

Nililala kituo cha mabasi, nikarudi.

Dereva


27 Juni

Mume wangu,

Karani, leo naomba usome polepole, na ukifika mahali ukaona aibu usiruke.

Kweli nilikudanganya. Sina neno la kulifunika. Nilijiambia nakusubiri usimame, ukasimama, nikajiambia nakusubiri utembee. Ukweli ni kwamba zile barua zilikuwa nyumba yangu pia. Nilipokuandikia kwamba nguzo inavuma, niliisikia. Nilipata dakika kumi za kukaa kwetu. Hapa chumbani hapana ukuta wala kona unayoijua, hata moja, na nilihisi nikikuleta hapa nitakuwa nimekupoteza mara ya pili.

Unasema nilikupa kifuniko cha sufuria. Nami nilishika upande wa pili wa kifuniko hichohicho.

Unataka kujua lipi linauma zaidi? Mimi nitakwambia langu. Lile bomba la saruji ulilokalia liko mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka mlangoni kwangu. Jumamosi hiyo nilikuwa dirishani nashona zipu. Ulikuwa nusu saa kutoka hapa, ukiwa na kiu, na ni mlinzi aliyekupa maji.

Wiki ya kwanza tuliyohamia nilipotea mwenyewe. Nilitoka kununua uzi, nikazunguka mpaka miguu ikavimba, nyumba zote zinafanana. Nilisimama njia panda nikalia, na macho yangu mazima. Nilikuwa najiuliza: Dereva angefanyaje? Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa unasema, tafuta maji yanaelekea wapi. Nikaufuata mtaro, ukanifikisha. Sikukuandikia hata hilo, maana ningelazimika kusema ni mtaro gani.

Kama hutaki kuja, sema. Ila usiseme kwa kunyamaza.

Mkeo,
Sindano


10 Julai

Sindano,

Karani alisoma polepole. Hakuruka. Mwisho alipenga kamasi akasema ni vumbi.

Sijapoa. Lakini mezani nina donge la udongo, na asubuhi mikono yangu inalitafuta yenyewe.

Nieleze hapo mlipo. Usipambe. Kama kuna shimo, nipe shimo. Na usije kunipokea kituoni. Ukija, nitakuwa nimefika kwa sababu umekuja, na nitajiuliza mpaka nife.

Dereva


25 Julai

Dereva wangu,

Jumapili nilijifunga kitambaa cheusi machoni, mafundo mawili, nikamwambia Mama anifikishe kituoni tuanzie huko. Fikiria mwenyewe: kipofu wa kuigiza anaongozwa na kiziwi wa kweli. Nikimuuliza “Kuna gari?” anajibu “Eti nini?” Watu walisimama kutazama. Muuza mkaa alitupa pole.

Shuka kituo cha mashine ya kusaga. Utaijua kwa mngurumo, na unga utaukuta hewani mpaka mdomoni. Ipe mgongo. Njia yote inateremka kuja kwetu, na mtaro unakwenda nayo mkono wa kushoto. Mtaro huo uko wazi, hauna kifuniko hata kimoja, na una kina cha goti. Nilitumbukia. Kwa hiyo ushike ukingo wake kwa fimbo lakini usiuamini. Baada ya hatua mia na kumi, zangu na si zako, kuna fundi wa kuchomelea. Huyo hutandaza vyuma vyake njiani na hajali mtu. Ukinusa moto, tulia, panua fimbo. Ukimpita huyo, joto linapungua ghafla, maana nyumba za pale zimebanana na jua halifiki chini. Uchochoro wa pili kulia ndio wetu. Wa kwanza una mbwa. Hang'ati, ila anajifanya.

Ngazi ina vidato kumi na saba. Cha tisa kimelegea. Hakuna mahali pa kushika upande wa kulia, shika ukuta. Mlango ni wa bati, kitasa kiko chini kuliko unavyotarajia.

Ndani ni padogo. Ulisema nisipambe: ni padogo, na majirani wa chini wanagombana kila wakikaa kula. Kitanda cha Mama kiko kushoto nyuma ya pazia. Chetu kiko mbele moja kwa moja, hatua nne. Cherehani iko kulia chini ya dirisha, na dirisha linatazama mashariki. Hilo unalijua, umelijua kabla sijakwambia.

Nilipofika mlangoni sikufungua kitambaa. Niliingia nacho. Nilitaka nikute utakachokuta. Nikakaa kitandani upande wako, nikapapasa godoro jipya, halina bonde. Hujawahi kulilalia, litakuwaje na bonde? Nililia humo ndani ya kitambaa mpaka Mama akaja kunifungua, akasema kwa sauti ya mtaa mzima: “Mwanamke, si umeshafika?”

Sitakuja kituoni. Nimeapa.

Sindano


4 Septemba

Mwalimu,

Kwanza nikuombe radhi. Wiki zile sikukusalimia vizuri. Kinyongo kimekwisha, kilinichosha kukibeba.

Naandika kwa mkono wa Sindano, maana mashine ya taipu ni ya chuo. Anasema ataandika kila ninachosema hata kikimhusu. Tutaona.

Jumamosi basi lilipitiliza. Kondakta mpya, alinisahau, akanishusha vituo viwili mbele huku akiomba radhi kwa mbio. Hapakuwa na mashine ya kusaga. Nikauliza mtu. Akasema, “Ni kule.”

Nikamwambia, “Kule ni mkono wangu upi?”

“Si kule, ninakoonyesha!”

Nilicheka, Mwalimu, peke yangu njiani. Nikaachana na kidole chake, nikafikiri kama ulivyotufundisha. Basi lilikuwa linaelekea kaskazini, halikukata kona. Ilikuwa saa tisa, kwa hiyo jua liko magharibi. Nikaliweka shavu la kulia, nikawa natazama kusini, nikarudi. Nilichoka, nilipigwa honi, niligonga toroli la mtu wa machungwa na tukayaokota pamoja. Kisha unga ukaniingia mdomoni, nikajua nimepona.

Vingine vilikuwa kama alivyoandika. Mtaro ni mbaya kuliko maelezo. Mbwa alijifanya. Ngazini nilimpa kidato cha tisa heshima yake. Niligonga, kimya. Niligonga tena. Mama alikuwa ndani na hakusikia, basi nikatafuta kitasa chini, nikaingia mwenyewe. Alipiga ukelele akanirushia kikombe, akidhani mwizi, mpaka aliponiona vizuri. Sitaeleza aliyofanya baada ya hapo, ni mama yangu.

Nikamuuliza Sindano yuko wapi. Akasema kwa sauti yake ile, “Amekwenda kituoni! Tangu saa saba!”

Alikuwa ameapa. Ameandika kiapo, Karani amekisoma, wewe ni shahidi. Kumbe alikwenda kusimama nyuma ya mashine ya kusaga asionekane, anione nikishuka tu, kisha anitangulie. Mabasi yakapita moja baada ya jingine. Nilipotokea upande wa pili, yeye alikuwa anakimbia kituo hadi kituo akiuliza watu.

Nilikaa kitandani. Hatua nne, sawasawa. Nilisikiliza majirani wa chini wakigombania chumvi. Baada ya muda nikasikia viatu kwenye ngazi, mbio, bila mpangilio. Mlango ukagonga ukuta.

“Mama, hajaonekana! Nimewauliza wote, nimempoteza, Mama, nimem...”

“Sindano,” nikasema. “Kiapo kile kilikuwa cha nini?”

Nilisikia anakaa chini sakafuni palepale mlangoni. Nikainuka nikaenda alipokuwa anahema, nikapiga magoti, nikanyoosha mkono nikakuta bega lake.

Amekonda, Mwalimu. Mfupa wa bega uko juu kabisa, mkono wangu wote ulijaa mfupa. Barua zote zile, mtaro na mbwa na vidato, na hilo hakuniandikia. Sasa hivi ameacha kuandika, anasema hilo lisiingie. Nimemwambia liingie.

Limeingia.

Dereva
na mwandishi wake, Sindano